Zawadi Zimo Humu Humu Nyumbani

Juma hili tunapenda kuzungumza juu ya swali ambalo wengi wenu mmetuletea mikutano ikiisha: tufanye nini na mtoto asiyesikia? Fimbo imepita, kelele zimepita, maombi yamepita, na mtoto bado ni yule yule. Kwa miezi kadhaa sasa, sisi wamama wa kikundi tumekuwa tukitumia njia moja ambayo haitaki pesa, ila inataka macho na uvumilivu. Tumeona matunda yake. Tumeona pia mahali inapokwama. Yote mawili tutayasema.

Tuanze na sababu inayotusukuma. Katika mji wetu, mtoto msumbufu haitwi msumbufu tu kwa muda mrefu. Kwanza wanasema ana kichwa kigumu. Kisha mtu wa familia anaota ndoto mbaya, au papa anapoteza kazi, au mtoto mchanga anapata malaria, na watu wanaanza kumtazama yule anayekojoa kitandani, yule anayesema peke yake, yule anayepiga wenzake. Neno "ndoki" linatamkwa kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti kubwa. Mtoto anapelekwa kwenye chumba cha maombi, anafungiwa, ananyimwa chakula ili akiri, na siku moja unamkuta analala chini ya meza za soko. Watoto hao sote tunawaona.

Sheria ya nchi yetu nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ile inayolinda mtoto, inasema kwamba kumsingizia mtoto ulozi ni kosa, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Lakini mara nyingi sheria inafika wakati mtoto yuko tayari njiani. Kabla ya hapo kuna siku nyingi, na siku hizo zinapita ndani ya nyumba zetu, kati ya mbabula na mlango. Huko ndiko mama ana nguvu.

Njia yenyewe ni hii. Chagua tendo moja tu unalotaka kuliona kwa mtoto. Usiseme "awe na adabu," kwa sababu adabu ni kitu kikubwa, mtoto hajui aanzie wapi. Sema "akirudi kutoka masomoni, aweke daftari mahali pake," au "akiitwa mara moja, aitikie," au "akikasirika, aje kwangu badala ya kumpiga mdogo wake." Tafuta chupa tupu ya mayonezi, ile unayoona ndani yake. Weka karibu nawe punje za mahindi, au vifuniko vya chupa, au kokwa za ngazi zilizokauka. Kila mara mtoto akifanya tendo lile, mpe punje moja saa ile ile, aitie yeye mwenyewe ndani ya chupa, na wewe umwambie alichofanya: "Nimekuita mara moja, umeitika. Asante." Usingoje jioni. Kwa mtoto wa miaka sita, jioni ni mbali kama Kinshasa.

Punje zikifika hesabu mliyokubaliana, anachagua zawadi. Mwanzoni hesabu iwe ndogo, tano hivi, ili apate siku ile ile na aamini kwamba mama hadanganyi.

Hapo wamama wengi waliuliza: zawadi gani, sisi ambao hatuna? Basi siku moja tuliketi tukahesabu vitu vilivyo ndani ya nyumba ambavyo watoto wetu wanavipigania bila kununuliwa. Orodha ilikuwa ndefu kuliko tulivyofikiri. Kukwangua ukoko wa sufuria. Kushika mwiko na kusaidia kuponda lituma. Kukaa kwenye kiti cha papa wakati papa hayupo. Kushika tochi umeme ukikatika. Kuchagua nani asimulie hadithi usiku, koko au yaya. Mkebe wa sardini wa kutengenezea motokari. Kipande cha kikwembe cha kumvalisha mtoto wa sanamu. Kigurudumu cha uzi kilichoisha kutoka kwa mama mshonaji. Kulala karibu na koko siku moja. Kusindikizana na mama sokoni, wao wawili tu, bila wadogo. Kwa wasichana wengi, kilichoshinda vyote ni nusu saa ya nzango bila kuitwa kuteka maji.

Mtaona kwamba katika orodha hiyo vitu ni vichache, na nafasi ya kuwa karibu na mkubwa ni nyingi. Mkebe wa sardini unaisha kutu. Mtoto anayeupokea anakumbuka kwamba mama alimwona.

Jambo hili hatukulibuni sisi. Miaka ya 1960, katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili huko Illinois, Marekani, wataalamu wawili, Teodoro Ayllon na Nathan Azrin, walianza kuwapa wagonjwa vipande kama sarafu kila walipojiosha, walipovaa au walipofanya kazi, na vipande hivyo vilibadilishwa kwa vitu walivyopenda. Watu waliokuwa wamekaa miaka bila kufanya lolote walianza kufanya kazi. Kitabu chao kilitoka mwaka 1968, na njia hiyo ikaenea hadi kwenye shule na kwenye matibabu ya watoto wenye shida za tabia. Mwanasaikolojia mwingine, David Premack, alionyesha mwaka 1959 kwamba jambo ambalo kiumbe anapenda kulifanya linaweza kuwa malipo ya jambo asilopenda. Koko zetu walijua hilo bila kusoma: "Osha sahani kwanza, kisha utaenda kucheza." Na sisi wa Kisangani tusijione kama wageni katika elimu hii. Mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa kimoja, saikolojia na elimu ya ualimu viliwekwa hapa hapa mjini kwetu. Hata leo chuo kikuu chetu kina kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu. Wako watu jirani nasi waliosomea mambo haya.

Sasa tuwaambie juu ya mtoto mmoja. Jina lake hatutalitaja, na mama anayemlea amekubali tusimulie. Mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka upande wa Lubunga, familia nyingi zilivuka mto kwa mitumbwi na vitu vichache kichwani. Mvulana wa miaka minane alifika kwa shangazi yake katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na watoto watano. Hakulala usiku. Mchana alipiga wadogo, alificha chakula chini ya mkeka, na alitoroka mara akitumwa. Mtoto wa mwisho wa nyumba alipopata homa, mjomba mmoja alisema hadharani: "Huyu amekuja na kitu." Shangazi alijua neno linalofuata ni lipi.

Tulimwambia aanze na jambo moja, na lisiwe lile kubwa. Alitaka tuanze na kupiga wadogo. Tukamwomba aanze na kitu ambacho mtoto angeweza kukishinda juma la kwanza: kurudi baada ya kutumwa. Alimtuma karibu, nyumba ya tatu, kuomba kiberiti. Aliporudi, alipata punje. Siku ya kwanza alipata mbili. Siku ya tatu alipata tano, na alipoambiwa achague, hakutaka mkebe wala ukoko. Alitaka kushika tochi usiku, na ilale karibu naye. Shangazi alifahamu hapo kwamba mtoto huyu anaogopa giza, na kwamba usiku ule wote alipokuwa anazungukazunguka nyumbani, jambo ambalo mjomba aliliita ulozi, alikuwa anatafuta mwanga.

Majuma yaliyofuata waliongeza jambo la pili, kuja kwa shangazi akikasirika. Hili lilichukua muda. Kulikuwa na siku ambazo chupa ilibaki tupu. Hakunyang'anywa punje alizokwisha kupata, kwa sababu kile mtoto alichokifanyia kazi ni chake. Kumnyang'anya kunamfundisha kwamba mkubwa hana neno. Alipompiga mtu, alitengwa kidogo kando ya ukuta, bila matusi, na kesho yake kazi ikaendelea. Kadiri miezi ilivyopita, kupiga kulipungua. Hakukuisha. Lakini yule mjomba naye alianza kuhesabu punje kila alipokuja kutembea, na mtu anayehesabu mema ya mtoto anapata shida kumwita ndoki.

Wapo wanaotupinga, na neno lao lina uzito. Papa mmoja alituambia: "Mnawafundisha watoto wetu matabisi. Nchi hii imekufa kwa matabisi, na ninyi mnaianzisha jikoni." Tulimshukuru, maana alitulazimisha kufikiri. Tukamjibu hivi. Mtoto akilia sokoni, akajitupa chini mbele ya watu, na mama kwa haya akamwambia "nyamaza, nitakununulia biskuti," hayo ndiyo matabisi. Mama amelipia kelele, na kesho kelele zitakuwa kubwa zaidi kwa sababu zina bei. Punje ni kitu kingine. Inakuja baada ya tendo jema, si katikati ya ubaya. Imekubaliwa mapema, mbele ya wote, na hesabu iko ndani ya chupa inayoonekana. Hakuna siri. Mfanyakazi anayepokea mshahara mwisho wa mwezi hajapokea matabisi.

Jambo lingine tunaliweka kama sheria ya kikundi, na tunawaomba mlishike: chakula cha mtoto si zawadi. Wala mkeka wa kulalia, wala maji ya kuoga, wala dawa, wala kwenda masomoni, wala salamu ya asubuhi. Hivyo ni haki yake hata siku ambayo amekuudhi kuliko siku zote. Wazungu wenyewe waliteleza hapa. Katika hospitali kadhaa za Marekani wagonjwa walitakiwa kupata vipande vya kutosha ndipo wapewe hata kitanda kizuri au chakula cha mezani. Mwaka 1972 mahakama huko Alabama, katika kesi ya Wyatt na Stickney, iliamua kwamba vitu vya lazima vya maisha ni haki ya mgonjwa, havitolewi kama malipo. Kwetu, mahali ambapo nyumba nyingi zinapika mara moja kwa siku, kosa hilo lingekuwa kubwa zaidi. Ukoko unaweza kuwa zawadi kwa sababu sahani ya mtoto imekwisha jaa. Kama sahani ni tupu, ukoko ni chakula, na hauna masharti.

Juu ya kukojoa kitandani, tusikilizane vizuri. Mtoto aliyelala hajui anachofanya. Kumpa punje kwa sababu godoro limekauka ni kumlipa kwa bahati, na kumnyima kwa sababu limelowa ni kumwadhibu kwa usingizi wake. Watoto wengi wa miaka mitano bado wanakojoa usiku, na wengi wao wanaacha wenyewe wakikua. Punje tunaipa kwa yale anayoyaweza akiwa macho: kwenda kukojoa kabla ya kulala, kumwamsha yaya akisikia haja, kusaidia kutoa nguo zilizolowa asubuhi bila kuzificha. Hilo la mwisho tunalipa thamani kubwa, kwa maana mtoto anayeficha nguo anaishi na hofu, na hofu ndiyo inayofanya watu wamshuku.

Mama mwenye watoto saba anatuuliza: nitahesabu punje za nani? Tunamjibu: mtoto mmoja, tendo moja, saa moja ya siku. Labda saa ile ya jioni unapowasha makala, wote wako karibu. Wengine wakiona wivu, na watauona, wape nao chupa zao, kila mmoja na tendo lake. Yaya mkubwa anaweza kuwa mwenye kutunza punje, hiyo nayo ni heshima kwake. Lakini usimpe yaya mamlaka ya kunyima.

Na usimlipe mtoto kwa jambo ambalo tayari analipenda. Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake, huko Stanford, Marekani, walichukua watoto wadogo wa shule ya chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe kama wakichora. Baadaye, walipoachwa wachague mchezo wao, wale walioahidiwa walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa lolote. Kuchora kulikuwa kumegeuka kazi. Kama binti yako anaimba kwaya kwa furaha, mwache na furaha yake. Punje ni kwa mahali ambapo mguu unasita.

Ndiyo maana chupa haikai mezani milele. Tendo likizoeleka, ongeza hesabu: kutoka tano hadi kumi, kutoka kumi hadi ishirini, kutoka kila siku hadi siku ya posho. Kisha punje zinapungua na maneno yanabaki. Wengi wetu tumeona kwamba siku moja mtoto anasahau kudai punje, lakini hasahau kutazama uso wa mama. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa hakuna anayehesabu punje.

Tumalizie na mipaka ya njia hii. Mtoto "asiyesikia" huenda kweli hasikii. Kabla ya punje, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida, uone kama anageuka. Mtoto anayekodoa macho na kunyamaza ghafula katikati ya maneno anaweza kuwa na kifafa, na kifafa kina dawa. Mtoto aliyeanza kukojoa tena baada ya kukauka muda mrefu, au anayekunywa maji mengi kupita kawaida, au aliyebadilika ghafula, apelekwe kwenye kituo cha afya. Mtoto aliyeona vita, aliyeona damu, au aliyeguswa vibaya na mkubwa anahitaji mtu aliyesomea kumsikiliza. Yule mvulana wetu pia alipelekwa kwa mtu wa namna hiyo. Punje zilimsaidia kubaki nyumbani hadi msaada huo ukapatikana, na mpaka leo analala kwa shangazi yake, tochi karibu na kichwa.

Siku ya posho hii, kila mama aje na chupa moja tupu yenye mdomo mpana, na tendo moja la mtoto wake alilolichagua, lisemwe kwa maneno machache. Wenye mabwana wanaopinga waje nao, tutawakaribisha. Mahindi tutayaleta sisi.